Wageni wa Mndimu

Nilikuwa nimeshika mpini wa pampu ya dawa, tayari kuwaua viwavi waliokuwa wakimaliza miche yangu ya ndimu, kipepeo alipotua kwenye jani. Alikunja tumbo, akaacha yai moja, dogo kuliko punje ya ulezi.

“Piga dawa, dada!” mdogo wangu alisema. “Hao viwavi ndio watoto wa wale wageni wako.”

“Usinitanie.”

“Basi muulize mama yao, huyo hapo.”

Kila msimu wageni wangu hao, vipepeo, walipopita, niliwafungia kuku bandani wasije wakawadonoa. Viwavi niliwalaani asubuhi na jioni.

Mche mmoja tu ulikuwa umebaki na majani. Kipepeo alihamia jani la pili, akakunja tumbo tena.

“Dada!”

Niliuachia mpini, kisha nikaushika tena.