Masizi Mgongoni

Magdalena alichovya vidole kwenye masizi ya chungu yaliyokorogwa kwa samli, akampaka punda mgongoni.

"Fanya haraka," mumewe Antipasi alisema. "Ngoma ya jumbe imelia mara ya pili."

"Usinikimbize! Akirusha teke hapa, na mimba hii, utazika wawili."

Kidonda kilikuwa kipana kama kiganja, pale mizigo ya chumvi ilipokuwa ikisugua. Na amri ilikuwa imetoka: kila punda wa Mungaa apelekwe kwa jumbe, Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, anakuja kukagua. Nani asingeogopa? Mwaka jana Bwana Mifugo alipita Ihanja na sheria yake ya kukataza kutesa wanyama. Punda wenye vidonda walipigwa risasi palepale, wenye punda wakafungwa jela bomani. Punda huyu ndiye aliyembebea Magdalena maji kutoka kule bondeni. Akipigwa risasi, atajitwisha mwenyewe, na tumbo lenyewe limeshashuka.

Alirudi nyuma kutazama. Masizi yalikuwa yameungana na ule mstari mweusi ambao punda huzaliwa nao mgongoni. Kidonda hakionekani.

Kwa jumbe askari wa keya, jeshi la Mwingereza, walikuwa wamejaa, wamebeba kamba begani. Za kuburutia mizoga hizo, Magdalena aliwaza, akamshika mumewe shati.

Jirani yao Alute alitangulia na punda wake mwenye mguu mbovu.

"We Alute, hukumfanyia hata dawa?" Magdalena alimnong'oneza.

"Dawa gani, dada? Si anachechemea, kila mtu anamwona!"

Mzungu alimtazama punda yule mara moja tu, akaonyesha kushoto. Alute akaenda kusimama huko, kichwa chini. Masikini, basi tena! Magdalena alitamani kumlilia, lakini zamu yao ilikuwa imefika.

Mzungu alimfunua punda mdomo. Akainua kwato. Nzi mmoja akatua mgongoni, kwenye masizi. Akaja wa pili. Magdalena alitaka kuwafukuza, akaogopa. Akabaki amebana pumzi, jasho linamchuruzika mpaka kiunoni. Mkono wa Mzungu ulipanda shingoni, ukakaribia mgongo. Mama yangu! Kisha ukashuka, ukampiga punda kofi la kumsifu.

"Mzima," askari alitafsiri. "Kulia."

Magdalena alikaribia kupiga kigelegele.

"Bwana anauliza, nani anamtunza vizuri hivi?"

Magdalena alifungua kinywa, lakini Antipasi alimuwahi, kifua mbele.

"Mimi, bwana! Tangu akiwa mdogo."

Mzungu alicheka, akasema maneno mawili matatu. Askari akawageukia kina Alute kule kushoto.

"Ninyi nendeni nyumbani na vilema vyenu."

Kisha akamtupia Antipasi kamba.

"Mfunge punda wako, tunaondoka naye sasa hivi kwenda vitani. Na wewe panga mstari, Bwana anataka watu wanaojua punda."