Kilima cha Bibi

Mwalimu aliibandua karatasi ya Belyse ukutani kwa nguvu, kona ikachanika, darasa zima hapo Stockholm likitazama.

"Nilitaka kijiji cha milimani," alisema. "Wewe umechora kilima kitupu. Chukua mfano wa kijiji hiki cha Ugiriki. Kina kanisa la mawe, kilichomwa vitani, watu wakarudi wakakijenga. Hiyo ndiyo historia."

"Lakini kwetu Burundi hatukai vijijini, tunakaa kilimani, kila familia na..." Akakwama katikati ya sentensi kama kawaida yake. Mmoja huko nyuma akacheka.

"Haya, kaa chini, mrembo," mwalimu akasema.

Kwenye ile kona iliyochanika Belyse alikuwa amechora kaburi la babu yake. Akahisi uso unawaka.

"Sikai!" Akampokonya mwalimu karatasi, akaonyesha kileleni. "Hapa juu kabisa anakaa bibi yangu. Nyumba yake imechomwa vitani mara mbili na bado yupo. Nyamazeni, sijamaliza."