Meza ya Reli

Tangu apigwe na kiharusi, Kisaka hakukigusa tena kile kichwa cha treni cha kuchezea, cha zamani, alichokuwa akikifufua. Reli zake ndogo zilijaa vumbi juu ya meza iliyokula nusu ya sebule. Siku moja mdogo wake akaja na seremala kuibomoa.

"Shemeji, mnabanana bure humu. Kaka hawezi tena."

"Mimi naweza," Namkunda, mkewe Kisaka, alijibu. "Meza haitoki."

Walipoondoka akachukua bisibisi. Kisaka, ulimi ukiwa mzito, alimwelekeza kwa kidole. Namkunda alikwangua kutu kwenye magurudumu, akaunga waya uliokatika, akakosea, akaufumua, akaunga upya. Kilipowekwa relini, kichwa kilitoa cheche tu, kikazima.

"Basi, mke wangu," Kisaka alisema kwa shida. "Acha."

"Siachi. Nionyeshe tena."

Alasiri kichwa kilitetemeka, kikanguruma, kikaanza kusogea. Kilikata kona ya kwanza, kikapanda daraja la mbao, kikajitosa ndani ya handaki la maboksi. Mke na mume wakainama pamoja, wamekodolea macho tundu la upande wa pili.