Taa Iliyoachwa Ikiwaka

Havugimana alikuwa anakimbia volkano pekupeku, viatu vyake amevikumbatia kifuani. Barabara ya kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, ilikuwa imejaa mawe, na mawe hula soli. Mguu ukichubuka hupona wenyewe. Kiatu hakiponi.

Nyuma yake mji wa Goma ulikuwa unaungua. Nyiragongo ilikuwa imepasuka tangu asubuhi, na moto ulikuwa unateremka mtaa baada ya mtaa kuelekea ziwani. Mkewe Béata alimfuata na furushi kichwani, kimya, kama alivyokuwa kimya mwaka mzima uliopita.

Mtaa mzima wa Murara ulimjua Havugimana. Kumwita mkono wa birika ni kumsifu. Njiti ya kiberiti aliipasua kwa wembe ikawa mbili. Majani ya chai aliyaanika juu ya bati, yakachemshwa tena na tena mpaka maji yakakataa kubadilika rangi. Jiwe la chumvi alilifunga uzi, likaogeshwa kidogo kwenye sufuria ya maharage, kisha likarudi mfukoni mwake. Lakini alicholinda kuliko vyote kilikuwa mafuta ya taa. Tangu vita vya waasi viyafanye kuwa adimu, kibatari chao kilining'inia kwenye msumari kama picha ya mtakatifu, cha kutazamwa tu. Walikula gizani.

"Mukono unajua njia ya kinywa," alikuwa akisema. "Hauhitaji taa."

Hata mwaka uliopita, Béata aliposhikwa na uchungu wa kuzaa, na mama Annonciata mkunga akaomba mwanga, Havugimana alijibu kutoka mlangoni:

"Mutoto anajua njia. Hahitaji taa."

Basi mkunga akapapasa. Kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni, na mikono haina macho. Walimzika kesho yake. Havugimana alihuzunika, tusimwonee. Ila jioni aliinua chupa ya mafuta, akaona haikupungua, akalala usingizi wake vizuri.

Sasa, walipokaribia mpaka, Béata alisimama ghafla akashika mdomo.

"Muzee, unisamehe."

"Nini tena?"

"Wakati moshi ulijaa ndani niliwasha taa, nitafute nguo. Ukanihimiza, ukafunga mulango. Nilisahau kuizima."

Havugimana alimgeukia.

"Iko inawaka? Mpaka sasa?"

"Niliijaza mafuta mpaka juu."

"Weye mwanamuke!" Watu waligeuka, ingawa siku ile kila mtu alikuwa na makelele yake. "Utanitambua! Utakula bila chumvi mpaka usahau ladha yake. Utalipa kila tone!"

"Acha tu, muzee." Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Batu bote banakimbia. Taa ni nini?"

Neno hilo ndilo lililommaliza. Taa ni nini! Alimsukumia viatu mikononi.

"Shika. Visiende kuungua bure."

Alipomsogelea, furushi lake lilimnukia mafuta ya taa. Kumbe hata kumwaga alimwaga! Hilo nalo akaliweka moyoni, alipe pamoja na mengine.

"Basi nenda, muzee," Béata alisema kwa sauti ya chini. "Unajua njia. Hauhitaji taa."

Hata katika hasira yake, Havugimana alifurahi kidogo. Angalau mwanamke huyu alikuwa ameanza kujifunza.

Akaanza kupanda barabara ambayo mji mzima ulikuwa unaishuka. Alipigwa vikumbo na magodoro, mbuzi na masufuria. Penye njia panda, askari mmoja wa waasi alimziba kwa bunduki.

"We muzee, kule ni moto tu! Unaenda kufanya nini?"

"Kuzima taa."

Askari alicheka mpaka akajishika mbavu, na Havugimana akapita pembeni yake.

Hasira hasara, wanasema, lakini yeye aliona hasara moja tu, na ilikuwa inateketea tone kwa tone. Njia nzima alikuwa anapanga malipizi. Atamfungia kitenge kipya kwenye sanduku. Atamnyima sabuni. Atamlaza sakafuni, na blanketi atalikunja liwekwe, lisichakae. Kadiri alivyopanga ndivyo alivyokaza mwendo. Udongo ulikuwa umeanza kumchoma nyayo, naye akajipongeza kwa kuviacha vile viatu.

Uchochoro wao ulikuwa mtupu na umejaa moshi. Nyumba ilikuwa bado imesimama. Na dirisha lilikuwa linang'aa.

Lo, lilivyong'aa! Mwanga mwekundu ulijaa nyumba yote, ukapenya kila ufa wa mbao, ukamwagika mpaka kwenye vidole vyake vya miguu. Tangu aijenge nyumba ile hakuwahi kuiona na mwanga namna hiyo. Yule mwenda wazimu alikuwa ameuvuta utambi wote nje!

"Nitakuonyesha, Béata," alisema kwa sauti. "Mungu ni shahidi wangu, nitakuonyesha."

Alivua ufunguo shingoni, akafungua kufuli, akalitia mfukoni lisipotee. Kisha akavuta pumzi yote aliyoweza kuvuta, mashavu yakamjaa, ili aipulize taa mara moja tu izimike, akausukuma mlango.

Ng'ambo ya mpaka, kwenye uwanja walipolala wakimbizi, Béata alifungua furushi lake, akatoa kibatari, akakiwasha, akakiweka kando ya vile viatu. Alikiacha kiwake mpaka kulipokucha.