Mshale wa Mizani

Kila asubuhi, kabla ya gunia la kwanza, mpimaji wa ghala la nafaka alipanda mwenyewe juu ya mizani. Uzito wake aliujua, kwa hiyo mizani ikidanganya angeibaini papo hapo.

Siku hizi hakujua nani anadanganya. Daktari alimwambia tezi ya shingo yake inafanya kazi kupita kiasi, atakonda. Na kweli alikonda: bangili zilimvuka zenyewe, sketi aliibana kwa pini, moyo ulimwenda mbio hata akiwa ameketi. Lakini mshale ulizidi kupanda. Fundi aliikagua mizani, akaapa kuwa ni nzima.

"Unakula kwa siri, wewe!" alitania wifi yake asubuhi moja, akiwa amekaa nyuma ya rundo la magunia akiyashona midomo. Kutoka pale aliuona mshale tu. "Mifupa mitupu, uzito wa watu wawili! Na huo moyo, jamani, mpaka mshale unarukaruka."

Mpimaji alicheka kwa shingo upande, akaenda kuwafungulia wateja.

Mshale ulirudi nyuma, ukaishia nusu ya njia. Ulikuwa bado unarukaruka, mbiombio, kama mshipa wa shingo.

"Acha kusimama kwa mguu mmoja, wifi," alisema mshonaji, akilowanisha uzi mdomoni. "Shuka kabisa, watu wanangoja."

Sauti ya mpimaji ilitoka kule mlangoni, pamoja na mlio wa komeo:

"Mbona nimeshashuka?"