Zohali Imeingia Kwa Bi. Mwanakombo

Asubuhi hiyo Bi. Mwanakombo aliingia kipindi cha Zohali, nyota ya nuksi, na sheria ikamkataza kugusa mtoto mchanga mpaka nyota hiyo imwachie. Zohali hukaa miaka kumi na tisa, naye kichwa kizima kilishajaa mvi. Binti yake, Saumu, alikuwa amejifungua juzi.

Bibi akapasha maji, akakaa sakafuni na kunyoosha miguu.

"Mama, bangili yako ya nyota italia ukimgusa, askari watakuja."

"Waje. Wewe nilikukanda pua ikanyooka. Huyu abaki na pua ya baba yake?"

Saumu akacheka huku machozi yakimlengalenga, akamlaza mtoto miguuni pa bibi yake. Bangili ikaanza kulia. Bi. Mwanakombo akamkanda mgongo taratibu.

Mlango ulipogongwa, hakuinua kichwa.

"Subirini," akasema. "Bado shingo."