Tangazo Kwenye Kioo cha Shomari

Kila asubuhi Shomari alinyoa ndevu huku mkewe, Tabia, akimshikia taulo na kumtania kuhusu upara wake. Asubuhi hiyo kioo kiliwakatiza.

"Bwana harusi mtarajiwa," kilisema kwa sauti nyororo, "Tabia Mpambaji atampaka bibi harusi wako hina isiyo na mfano."

Lilikuwa tangazo la Tabia mwenyewe. Mjini humo matangazo yalisemwa na vioo vya majumbani, na mfanyabiashara alilipia kila uso ambao kioo kiliuona una haja.

Shomari alicheka kidogo. "Wamekupotezea pesa, mama Nuru. Harusi na mzee kama mimi wapi na wapi! Lalamika wakurudishie."

"Wanarudisha, baba Nuru. Mwezi uliopita walimtangazia hina yangu mjane wa jirani. Akasimama mbele ya kioo akasema hana haja, yakaisha." Tabia alilikunja taulo, akalikunjua. "Nawe sema. Ila wanasema kioo hakidanganyiki; ukikana kwa uongo, pesa hairudi."

Wembe ulisimama shavuni. Tabia alizikumbuka safari za mumewe za Handeni, zilizokuwa za kila mwezi na sasa ni za kila wiki.

"Sema basi, nisipate hasara bure."

"Maji yamepoa," alisema Shomari.

"Shomari."

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Nuru azaliwe. Povu lilianza kumkauka kidevuni. Alimtazama mkewe ndani ya kioo, hakugeuka.

"Pesa yako haikupotea, mama Nuru."